Watu wanane mafichoni miaka miwili: walikula nini?

Mwalimu wa Nachingwea
Ndugu zangu, nafundisha Historia kidato cha nne. Juzi nilisimulia jinsi familia ya Frank na Wayahudi wenzao wanne walivyojificha Amsterdam, nyuma ya ofisi ya baba wa familia hiyo, tangu Julai 1942 hadi Wanazi walipowakamata tarehe 4 Agosti 1944. Kijana mmoja ambaye baba yake ana duka akaniuliza walikula nini muda wote huo, na kwa nini hakuna aliyeshtuka kuona chakula kingi kikiingia. Sikuwa na jibu.

Binti Mikindani
Mwalimu, kijana huyo amegusa penyewe. Wakati wa vita chakula Uholanzi kilikuwa cha mgao, hakinunuliwi bila kuponi, na aliyejificha alihesabiwa kama hayupo, sasa kuponi angepewa na nani? Zilipatikana kwa siri kupitia watu waliowapinga Wanazi, kisha Miep Gies, mfanyakazi wa ofisi ile, akazunguka madukani. Muuza mboga wa jirani alitambua kwamba mzigo ule ulizidi mahitaji ya nyumba moja, lakini hakuuliza neno. Mei 1944 akakamatwa yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amewaficha Wayahudi wawili kwake, na tangu siku hiyo wale wanane wakapunguza milo.

Mzee wa Ng'ambo, Lindi
Wanangu, sisi wa kusini tukisikia kujificha tunawaza porini, kama ndugu zetu wa Msumbiji waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi. Porini mtu hukohoa. Wale chini yao kulikuwa na ghala lenye vibarua wasiojua lolote, kwa hiyo saa za kazi walitembea bila viatu, walinong'ona, na hata maji ya chooni hawakuthubutu kuyavuta. Mimi njaa ningeivumilia, lakini kumnyamazisha mtoto kutwa nzima sijui.

Mwalimu wa Nachingwea
Shikamoo mzee, na ahsante. Je, aliyeugua?

Muuguzi, Ndanda
Mwalimu, kumwita daktari kulikuwa kujitoa mhanga, na kwa anayewaficha pia: katika Poland iliyokaliwa na Wajerumani, kumhifadhi Myahudi kulikuwa na adhabu ya kifo, na Uholanzi kulikuwa na watu waliolipwa fedha kwa kila Myahudi waliyemkamata. Nafuu ni kwamba mmoja wa wale wanane alikuwa daktari wa meno. Anne, binti wa familia ya Frank, alipopata mafua alikohoa akiwa amejifunika blanketi gubigubi. Mwaka 1943 macho yake yalipoanza kutoona mbali, wakubwa walijadili kama atolewe kisirisiri apelekwe kwa daktari wa macho. Koti lake la kutokea nje likatolewa, wakashusha pindo, lakini vifungo havikufika, kwa kuwa binti alikuwa amekua humo humo ndani. Safari yenyewe haikufanyika.