Naomba ushauri: nimemwagia chai kibodi ya laptopu

Habari zenu wakuu. Jana usiku nilimwaga kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari juu ya laptopu ikiwa imewaka. Niliizima papo hapo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, nikachomoa chaja, nikaifuta, kisha nikaigeuza kama hema juu ya taulo. Betri yake iko ndani, haitoki bila kufungua skrubu, kwa hiyo bado imeunganishwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana penye unyevu na umeme kutu huanza haraka.

Sijajaribu kuiwasha tena. Mashine ya kukaushia nywele nimeiogopa, kwa kuwa joto lake huweza kupinda vitufe na upepo ukasukuma chai ndani zaidi. Kwenye mchele, ambao wengi husema hunyonya unyevu, pia sijaiweka. Sukari haiondoki kwa kukauka. Leo asubuhi kitufe cha A, cha S na kile kirefu cha nafasi vinanata, ukivibonyeza vinachelewa kurudi.

Humo ndani kuna kazi yangu ya miezi 4 ambayo haina nakala popote, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Je, nifungue kifuniko cha chini leo niichomoe betri mwenyewe, au nimsubiri fundi anayepatikana keshokutwa? Na kwa sukari iliyokwisha kuganda, alkoholi ya isopropili (spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki) ya asilimia 90 au zaidi itasafisha kibodi ikiwa imefungwa mahali pake, au lazima itolewe kwanza? Aliyewahi kupatwa na hili naomba anielekeze.