Naomba ushauri: matokeo ya ubunge Mwanza 2010 na 2015 nayalinganishaje?

Wakuu habari za kazi, mimi ni mwalimu wa uraia hapa Mwanza, nachora ramani ya matokeo ya ubunge kwa wilaya kwenye manila, niibandike ukutani darasani, ila nimekwama wakuu.

2015 haikunisumbua, Ukerewe rangi ya CHADEMA, kwingine kote CCM. Shida ni 2010. Mwaka ule Nyamagana, Ilemela na Ukerewe zote zilichukuliwa na CHADEMA, hiyo wengi mnaikumbuka, pale Nyamagana Wenje wa CHADEMA alivyomwangusha Masha wa CCM aliyekuwa waziri, mji mzima ulikuwa barabarani. Sasa 2010 Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza, na Busega ilikuwa ndani ya Magu, 2012 ndo zikamegwa, moja ikawa mkoa wa Geita nyingine ikaenda Simiyu. Nikizipaka rangi, watoto watadhani Mwanza ilipoteza viti kwa kura kumbe ni mipaka tu, nikiziacha nakuwa nimefuta kura za watu na mimi hilo linaniuma kweli.

Halafu kuna Kwimba, wilaya moja majimbo mawili, Kwimba na Sumve, Sengerema nayo ina jimbo la Sengerema na la Buchosa, nimeshapiga mstari wa penseli katikati nikafuta mpaka karatasi imeanza kutoboka.

Mnaofanya kazi za takwimu au waalimu wenzangu, nitumie mipaka ya zamani au ya sasa? Au niache kabisa wilaya nichore kwa majimbo? Kipindi ni jumatatu asubuhi.