Mafundi websaiti mnaokopi heda kwenye kila peji, hivi sisi tunaokuja nyuma yenu mnatuchukuliaje?

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo lugha mtanisamehe.

Kuna kampuni moja ya utalii Arusha, jina naliacha, juzi wamenipigia wakasema fundi wetu siku hizi hapokei simu, na sisi tuna kitu kidogo tu, namba ya WhatsApp imebadilika tunaomba utubadilishie kwenye websaiti. Nikajua ni dakika 10, nikawatajia hela ya soda. Jamani. Naingia kwenye sava nakuta faili 58 za HTML, faili moja kwa kila peji, na karibu kila faili ina heda yake (ile sehemu ya juu ya peji), menyu yake na futa yake, zimekopiwa zikapestiwa. Futa namaanisha ile sehemu ya chini ya peji, ingawa kwa nilichokiona hata ile futa nyingine ingewafaa.

Najua kuna mtu anakuja kusema "si utafute na kubadilisha faili zote kwa mpigo tu mkuu". Nimejaribu! Kopi ukiziacha miaka zinaota kila moja tabia yake. Wana peji za njia za kupanda Kilimanjaro na za mbuga: ya Marangu namba imeanza na +255, ya Lemosho imeanza na sifuri, ya Rongai imewekewa nafasi katikati, ya Serengeti namba ipo NDANI YA PICHA. Ila iliyonimaliza ni ya Machame. Linki ya wa.me (ile ukibofya inakufungulia WhatsApp ya kampuni) pale kaiwekea namba inayoanza na sifuri, na ile linki haitaki sifuri wala alama ya kujumlisha, inataka 255 kavu. Maana yake mgeni yeyote aliyebofya pale anataka kupanda mlima kwa njia ya Machame hakuwapata, na hakuna anayejua tangu lini. Nilivyomwambia mwenye kampuni alikaa kimya weeee halafu akasema "kumbe".

Na menyu sasa. Kuna peji 9 hazina kabisa linki ya Zanzibar kwasababu Zanzibar iliongezwa baadaye na jamaa alichoka kuzipitia zote, peji mbili zina logo ya zamani, moja div (tagi ya HTML inayozungushia sehemu ya peji) haijafungwa basi futa imepanda juu ikakaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa.

Kinachoniuma zaidi, hosti wanayolipia ina PHP muda wote, ile lugha inayounganisha peji kwenye sava kabla haijafika kwa mgeni! PHP ipo tangu 1995, na kazi hii ni mstari mmoja tu, unaandika heda kwenye faili lake moja, kila peji unaweka include heda.php, basi. Namba ikibadilika unagusa sehemu moja. Ukitaka menyu ionyeshe mtu yupo peji gani unaweka variabo moja juu ya huo mstari. Hata kama PHP huitaki, Apache, ile programu ya sava, ina SSI yake, yaani amri ya kuchomeka faili moja ndani ya peji, unaiwasha tu. HTML yenyewe haina namna ya kuvuta faili lingine likawa sehemu ya peji, kulikuwa na kitu cha HTML Imports cha kuvuta faili hivyo kwenye Chrome wakakitoa 2020, kwahiyo usikae unasubiri brauza ije ikuokoe.

Na huyu jamaa alikuwa anajua! Kuna peji 6 kajaribu kuvuta heda kwa JavaScript, yaani kodi inayofanya kazi kwenye brauza ya mgeni, ndo zile ukifungua kwa intaneti ya kusuasua unaona maandishi kwanza halafu menyu inaruka juu inasukuma kila kitu chini. Tena nadhani kwake ilikuwa haionekani kabisa kwasababu ukibofya faili kwenye kompyuta bila sava brauza inakataa kuivuta, akakata tamaa akarudi kukopi. Badala ya kuuliza mtu.

Mkihamia include angalieni njia za faili, css/style.css iliyokuwa sawa peji ya mwanzo itakufa ukiingia kwenye folda la kilimanjaro, anzeni na mkwaju, yaani /css/style.css. Na mkigeuza .html kuwa .php wekeni 301 (amri ya kumpeleka mtu kutoka linki ya zamani kwenda mpya) kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya Apache, msije mkapoteza linki zote zilizopo Google.

Na wale wa "tumia React mkuu", ile zana ya JavaScript ya kujengea programu kubwa za wavuti, naomba mpite kimya kimya, mtu ana peji 58 za kuelezea mlima na simba, mnataka nimletee trekta la kulimia bustani ya mchicha.

EDIT: Walioniuliza hela, hapana, siwezi kurudi kuwaongezea bei nilishatamka mwenyewe. Nipo peji ya 31. Ile picha ya Serengeti nimeomba ya asili bila maandishi, nimejibiwa anayo fundi.