Klarineti ya babu imekaa sandukuni miaka, nianzie wapi kuisafisha?

Mjukuu_Tanga
Wakuu habari za majukumu. Babu yangu mzaa mama alikuwa anapuliza klarineti (ile ala kama filimbi ndefu nyeusi ya mti) kwenye bendi ya polisi zamani hizo, alipostaafu akarudi nayo Tanga akawa anapigia maharusini. Tangu afariki sanduku liko juu ya kabati, wiki iliyopita bibi kaniambia kama huichukui nawapa watoto wachezee. Nimefungua, harufu ya ukungu inakupiga usoni, kitambaa cha ndani kimeliwa na mende, vumbi limegandana na mafuta, funguo (vile vyuma vya kubonyeza) zina kutu ya kijani, pedi (vile vijito vya kuziba matundu) zingine zimetoboka zingine hazipo kabisa. Vipande viwili vya katikati havitengani hata nivute vipi. Kipande cha juu kina mstari mwembamba kama unywele, sijui ni ufa au ndivyo mti ulivyo. Imeandikwa Boosey & Hawkes London, halafu Edgware.

Nimejaribu kidogo kwenye kile kipande kifupi kinachofuata mdomo wa kupulizia, nikapiga msasa nikidhani ni rangi nyeusi imepauka, lakini unga unatoka mweusi tu hauishi. Fundi wa jirani anasema niiloweke kwenye dizeli usiku mzima vipande vitajiachia vyenyewe. Nifanye au?

Mchonga_Mwenge
Weka msasa chini mkuu, tena sasa hivi!!! Hiyo siyo rangi, huo ni mpingo, utasugua mpaka mjukuu wako naye awe babu na unga utatoka mweusi vilevile. Mimi nachonga vinyago, mpingo naujua kwa harufu. Ukitaka kuhakikisha, ushike mkononi, mzito kuliko ukubwa wake, kipisi chake ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama kama jiwe (usitupe klarineti lakini, nakufahamu mtu wa dizeli wewe). Siyo kama hii miti mingine watu wanaipaka kiwi nyeusi wanamuuzia mtalii kwa jina la mpingo.

Ujue mpingo wa vyombo vya muziki unatoka huku kwetu Kilwa, Lindi, na Msumbiji. Kwa hiyo hicho kipande huenda kilipanda meli kikiwa gogo kikarudi kimevaa sare ya polisi 😂

Unga wake unawasha, wengine tunatoka vipele na kifua kinabana, kwa hiyo funga kitambaa puani. Na ule uliousugua USITUPE, weka kwenye kifuniko cha chupa, nitakuambia kwa nini.

Mwalimu_wa_Bendi
Dizeli hapana, maji hapana, jua hapana. Dizeli itaingia kwenye mti na kila ukipuliza utakuwa unavuta harufu ya gereji.

Vipande vimeng'ang'ania kwa sababu ya hewa ya pwani, mti umevimba na yale mafuta ya zamani yamegeuka gundi. Kiweke chumbani sehemu kavu yenye hewa siku nne tano, usikiguse. Halafu usivute, zungusha kidogo kidogo huku na huku. Lakini angalia pale katikati kuna kijichuma kinachounganisha funguo za kipande cha juu na za chini, wengi wanakipinda hapohapo. Bonyeza zile pete za kipande cha juu kwanza ili kinyanyuke, ndiyo uzungushe.

Vikiachiana toa funguo zote. Piga picha kabla, na kila skrubu ichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora klarineti, mahali palepale ilipotoka, maana kwa macho zinafanana ila zikibadilishana nafasi zinaweza kugoma. Zilizoshika kutu weka tone la mafuta ya taa uache hadi kesho, tumia bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mfereji. Angalia springi, ni sindano nyembamba za chuma, zinachoma kidole vibaya na ukivunja moja hutaipata dukani Tanga.

Mti wenyewe unasafishwa na mswaki laini mkavu, vijishimo kwa njiti na pamba. Ukiwa umemaliza na ukauona umekauka unaonekana kijivu, pitisha mafuta kidogo sana, kidogo kiasi kwamba kitambaa kikiguswa hakiachi doa.

Habari njema ni kwamba kampuni ya Boosey na ya Hawkes ziliungana 1930, kwa hiyo chako ni cha baada ya hapo. Klarineti nyingi za Kiingereza za zamani zaidi, hasa za bendi za jeshi, zilitengenezwa kwa sauti ya juu kuliko ya siku hizi, unaitengeneza vizuri halafu haikubaliani na kinanda chochote, unabaki nayo pambo. Hiyo yako nakushauri uitengeneze.

Pwani_Mafuta
mafuta ya nazi tu mkuu, bibi yako anayo hapo jikoni

Mwalimu_wa_Bendi
@Pwani_Mafuta hapana ndugu yangu. Ya nazi yanaganda, Tanga hutaona ila mpeleke na klarineti yake Njombe mwezi wa saba uone. Na ya kupikia kama alizeti yanachacha yananata. Tafuta ya lozi, yale wanayouza kwa ajili ya ngozi, yasiyo na manukato. Kwenye vyuma weka ya cherehani, tone moja kila kiungo kwa ncha ya sindano.

Mpuliza_Kisumu
Mimi wacha niongee juu ya mdomo, ile nyeusi unaweka kwa kinywa. Kama ni ya zamani hiyo ni mpira mgumu si plastiki. Yangu niliitia kwa maji moto ya kuchemka nikifikiria naua viini, dakika mbili tu, ikatoka na rangi ya mavi ya ng'ombe na harufu ya kiberiti, na ikapinda, ridi (ule utepe mwembamba wa tete unaotoa sauti) haikai tena. Nililia. Tumia maji baridi ama vuguvugu na sabuni ya vyombo, ile chokaa nyeupe ya mate ipanguse na pamba yenye siki kiasi halafu suuza. Na usipolishi funguo na ile dawa ya kung'arisha shaba kama hujajua zimepakwa nini juu, unaweza kula hiyo rangi ya fedha yote ubaki na chuma cha manjano.

Mchonga_Mwenge
Sasa ule mstari. Toa vumbi, mulika na tochi kwa ubavu. Nyuzi za mti zinaenda pamoja nyingi nyingi, ufa unaenda peke yake, na kucha inakwama ukipitisha. Kama ni wa juujuu, jaza unga wako wa mpingo (si nilikuambia usitupe), dondoshea supaglu ile nyepesi kama maji, ikikauka kwangua taratibu. Kama umefika kwenye tundu la sauti au umepenya hadi ndani, usiguse, peleka kwa mtu.

Mjukuu_Tanga
Wakuu nimerudi, wiki mbili kimya ilikuwa kazi. Siku ya sita vikaachiana vyenyewe kama hakuna kilichokuwepo. Na nimekuta kitu, maungio ya chini hayana kabisa lile gome laini la kizibo, babu alizungushia uzi mweusi wa cherehani uliopakwa nta, safu kwa safu kama mtu anayeshona. Nilikuwa nataka kuutoa, mnasemaje?

Mstari ni ufa, mfupi, haujafika kwenye tundu. Nimeujaza, hauonekani mpaka uambiwe ulipo.

Mwalimu_wa_Bendi
Huo uzi uache!! Ndivyo walivyokuwa wanafanya kabla ya gome la kizibo kuenea, na kama hauvuji hewa hauna kasoro. Jaribu hivi, ziba matundu yote ya kipande kimoja kwa vidole na chini kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo, kikibaki kimekunata mdomoni sekunde chache uko sawa. Kikiachia haraka chukua karatasi ya sigara, iweke chini ya kila pedi, funga, vuta taratibu, ile inayotoka bila kukwama ndiyo mwizi wako. Pedi mpya pima vikombe vyake (vile vifuniko vya chuma pedi inapokaa) kwa rula ya milimita ndiyo uagize.

Na ukishaweka pedi usianze kupiga saa zima. Dakika kumi kwa siku wiki mbili za mwanzo, kausha ndani kila mara. Pumzi ni ya moto na ina maji, ndani kunavimba nje bado kukavu, ndiyo kunapasuka.

Mjukuu_Tanga
Sawa mwalimu. Nimeweka pedi 17, karatasi ya sigara inateleza kwenye moja tu, ile ndogo ya juu kabisa nyuma. Jana nimetoa sauti tatu hivi, bibi akaja mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema "babu yako alikuwa hapigi hivyo", akarudi jikoni. Hiyo pedi ya nyuma naipasha joto niisogeze au natoa naweka nyingine?

Mwalimu_wa_Bendi
Pasha. Kiberiti cha gesi kwenye kikombe sekunde tatu, siyo kwenye mti.