Tupeane uzoefu: kupiga picha za ndege, kuanzia uani hadi safarini

Habari za Jumapili, wadau. Naomba tupeane uzoefu sisi tunaopiga picha za ndege, iwe kwa simu au kwa kamera. Nikimwonyesha mtu picha zangu huniuliza nilikwenda mbuga gani. Nyingi nimezipiga hapa Tabata, uani, nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua.

Mwalimu wangu ni mnana. Jirani ana mnazi ulioinamia ukuta wetu, na mwaka juzi masika yalipoanza mnana wakauvamia. Wiki nzima nilibonyeza tu bila kuambulia kitu: manjano yaliyofifia, makuti yanachezacheza. Siku nilipoweka kamera chini nikatazama kwa macho, ndipo nikaelewa. Dume anatua kwenye ukuti, anang'ata ukingo wa jani, kisha anaruka nalo mdomoni na utepe unachanika mrefu mpaka unakatika. Anarudi anasuka. Kiota kikiwa tayari ananing'inia chini yake, anapigapiga mabawa na kuita majike waje wakague. Nilishuhudia kimoja kikikataliwa na jike wa tatu. Dume akakifumua mwenyewe, akaanza upya.

Baada ya kujua hayo sikuhangaika tena kumfuata huku na huku. Nililenga ncha ya ukuti ule ule, nikapandisha kasi ya shata hadi 1/2000 ya sekunde, nikasubiri. Saa mbili kasoro asubuhi nilimpata akiwa angani, utepe wa kijani unamfuata kama mkia. Picha hiyo naipenda kuliko zote nilizopiga safarini.

Basi nauliza: ni ndege yupi aliyewafundisha ninyi kusubiri?

Mdau wa Kunduchi

Mimi ni vitwitwi na sululu, wale wageni wa pwani wanaotoka Ulaya na Asia, wanaanza kufika mwezi wa 8 na wengi wanaondoka mwezi wa 4. Nilipoanza nilikuwa nawafuata kwenye matope maji yakiwa yamekupwa. Unatembea, nao wanasogea. Unanyata, wanaruka wote kwa pamoja. Unarudi nyumbani na picha za migongo.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu aliniangalia siku tatu, ya nne akaniita: "Mwanangu, usiwafuate. Maji yatakuletea." Ni kweli tupu. Maji yanapojaa, sehemu ya kula inapungua na ndege wanarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ufukweni. Ukae chini mapema, usisimame, wao wenyewe watakuja.

Chagueni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Kwetu siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, kwa hiyo ndege wanasogea wakati jua limeshahamia magharibi, nyuma yako, linawapiga usoni. Ukienda asubuhi unapambana na jua linalotoka baharini na ndege wote wanakuwa vivuli. Nililala kifudifudi kwenye mchanga, lenzi ya milimita 300 juu ya kandambili, na sululu akaja mpaka nikashindwa kumtoshelesha kwenye picha. Yule mdomo wake uliopinda kama mundu aliuzamisha wote, akatoka na kaa.

Mama wa Mbagala

Wangu ni bundi, na nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Asubuhi moja kunguru walikuwa wanapiga kelele kwenye mwembe wetu kuliko kawaida, wanashuka na kupanda sehemu moja. Nimejifunza kwamba kunguru wakifanya hivyo yupo mwewe, nyoka au bundi. Nikachungulia, alikuwepo, amejibana kwenye shina macho nusu yamefumbwa. Kabla sijafika ndani kuchukua kamera, habari ilishaenea. Majirani wakaja na mawe. Mnajua tulivyolelewa: bundi akilia juu ya paa, kuna msiba.

Sikuwabishia. Nilimwendea mzee mmoja anayeheshimika mtaani kwetu. "Shikamoo baba, naomba uje unisaidie kutazama kitu." Chini ya mti kulikuwa na vidonge vya kijivu vya manyoya. Nikavichambua mbele yake kwa kijiti: mafuvu ya panya, vimifupa, meno. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kusaga. Mzee akahesabu mafuvu manne, akanyamaza, akasema: "Huyu anatufanyia kazi. Mwacheni."

Nilimpiga picha jioni kwa jioni kwa mwanga wa mwisho, kamera imeegemea dirisha, bila flashi hata mara moja, kwa sababu macho yale yameumbwa kwa ajili ya giza. Watoto wa jirani wakawa wanakuja kuuliza "bundi wetu yupo?" Alikaa mpaka maembe yalipoiva na watu wakaanza kupanda mti, ndipo akahama.

Mdau wa Kimara

Dada, hiyo ya vidonge nimeipenda sana.

Mimi niongezee ya safari. Mikumi tulikwenda kumi na wawili kwenye kosta, na kila mtu anataka tembo. Mimi niliomba dakika kumi tu kwa ajili ya kambu, yule mwenye kifua cha zambarau na mabawa ya buluu. Hukaa kwenye kijiti kitupu, hushuka kumdaka mdudu, na mara nyingi hurudi pale pale. Lenga kijiti. Mwombe dereva azime injini, kwa sababu mtetemo unaharibu picha, na uweke mfuko wa maharage dirishani uegemeze lenzi. Wenzangu walinung'unika mwanzoni; alipofungua mabawa, wote wakanyamaza.

Mdau wa Upanga

Tusisahau vifaa. Unyevu wa Dar unaua lenzi. Yangu niliifungia kabatini mvua nzima, nikaikuta na fangasi ndani kama utando wa buibui. Fundi alisafisha lakini alama ilibaki. Sasa naweka kila kitu kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera kwenye begi nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo kioo kitafuka ukungu na ndege ameshaondoka.

Jingine: lenzi ndefu inatisha watu. Angalia umeielekeza wapi, usiielekeze kwenye maeneo ya ulinzi au nyumba za watu. Nilisimamishwa na walinzi mara moja. Niliwasalimia, nikawaonyesha picha zote, wakaniachia, lakini nilitetemeka.

Mwanzisha mada

Asanteni mno. Mama wa Mbagala, nimesoma ya kwako mara mbili. Naomba kuongeza jambo moja linaloniuma: jamani tusikate majani yanayofunika kiota ili picha itoke vizuri. Kunguru wanatuangalia. Nimeona kiota cha chozi, yule ndege mdogo, kikimalizwa siku moja tu baada ya mtu kukifungulia mwanga, mayai yote mawili.

Mdau wa Kunduchi, bamvua ijayo ni lini? Nataka kuja na binti yangu, ana miaka tisa na anapiga kwa simu.

Mdau wa Kunduchi

Mwezi ukiwa mpevu, Jumamosi hii. Fikeni saa nane mchana, mje na nguo za kuchafuka na maji ya kunywa. Huyo binti nitamkalisha mbele.