Tai wa Haast alishindwa na maumbile, au tulimmaliza sisi?

Wapo wanaosema tai wa Haast alitoweka kwa kuwa alizidi ukubwa, na tai dhahabu yupo hadi leo kwa kuwa yeye aliumbwa kwa kiasi. Napinga, tena kwa nguvu zote.

Kwa umbo kweli hawalingani. Jike wa tai wa Haast, kwenye Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, alikuwa na uzito wa kilo 10 hadi 15. Jike mkubwa wa tai dhahabu hufika kilo 6 na ushei. Huyo wa Haast aliwinda moa, ndege asiye na hata kibawa, ambao baadhi yao walifika kilo 200. Mifupa ya nyonga za moa imekutwa na matundu ya kucha zake. Hebu fikirini, kucha inayotoboa nyonga! Na vipimo vya DNA vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni tai wadogo, wa kilo moja hivi. Kisiwani hapakuwa na simba wala chui, hapakuwa na mnyama yeyote wa kumnyonyesha mtoto maziwa isipokuwa popo na wale wa pwani kama sili. Nafasi ya mwindaji mkubwa ilikuwa wazi, naye akaijaza. Kiumbe wa namna hiyo mnamwitaje aliyeshindwa?

Hoja moja naikubali: tai dhahabu hachagui sana. Sungura anakula, ndege anakula, mzoga pia, na ameenea Ulaya, Asia, Afrika Kaskazini na Amerika Kaskazini. Wa Haast alitegemea moa. Wamaori, watu wa kwanza kuishi New Zealand, walipofika mnamo karne ya 13, moa waliwindwa na misitu ikachomwa. Haikupita karne mbili moa wakaisha, na tai naye akaenda.

Lakini tazameni Ireland. Tai dhahabu wa huko walipigwa risasi na kuwekewa sumu, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakawa wameisha. Kutochagua chakula hakukuwaokoa. Waliopo leo wanatokana na makinda yaliyoanza kuletwa kutoka Scotland mwaka 2001. Tai wa Haast hakuwa na Scotland ya kuchukuliwa makinda.

Basi anayeshikilia kwamba tai dhahabu ni bora anijibu: angeishi Ireland peke yake, leo tungekuwa na nini chake zaidi ya mifupa?