Makinda ya njiwa: niwatenge na wazazi sasa au nisubiri? Mteja anakuja Jumamosi

mwana_wa_tandika
Wakuu habari za jioni. Nina makinda wawili wa njiwa, wameshaota manyoya vizuri tu, kuna jamaa kanipa nusu ya hela anawachukua Jumamosi. Nimenunua tundu dogo la waya niwatenge wazoee kula wenyewe kabla hajaja ila mke wangu anasema niwaache hukohuko kwa wazazi mpaka siku yenyewe, na jirani yangu yeye hatengi kabisa, anasema wazazi wenyewe watawafukuza wakati ukifika. Nifate lipi? Jumamosi sio mbali na hela nishaitumia.

mtama_mweupe
Mkuu wana siku ngapi? Ni hawa wa kawaida au homa, wale njiwa wa mbio wanaorudi kwao hata ukiwapeleka mbali? Wanadonoa wenyewe au bado wanalishwa mdomoni? Mama ameshataga tena? Hiyo "wameota vizuri tu" haitusaidii, kinda wa siku 20 ukimwangalia kwa mbali amemaliza manyoya ila mnyanyue bawa, chini yake unakuta ngozi tupu.

mama_wawili
Mimi siku 35, sishuki hapo. Nafuga Tanga huku miaka mingi na anayetaka kinda wangu kabla ya hapo namwambia akatafute kwingine. Ukiona bado ana vile vinyuzi vya njano kichwani na analia ile sauti nyembamba ya kuomba, huyo ni mtoto, muache.

homa_za_kasi
Dada siku 35 kwa wa kawaida sawa, kwa homa ni kuchelewa. Mimi natoa siku 28 kwa sababu homa akishaanza kuruka akazunguka juu ya paa lako keshashika ramani, mteja anamfuga wiki mbili anamfungulia, jioni unamkuta kwako. Unamrudishia tena na tena mpaka mnagombana. Anatakiwa afike bandani kwa mteja kabla hajaruka, aanze kuona mazingira akiwa hukohuko.

mama_wawili
Kaka hajasema kama ni homa.

fundi_banda
Naomba niseme yaliyonikuta maana huyu ndugu anataka kufanya kosa nililofanya mimi. Mwaka juzi nilikuwa na makinda wawili wa siku 22, weupe, wanene, nikaona wamekuwa wakubwa afu mama keshataga tena nikasema nimpunguzie mzigo. Nikawaweka kwenye tundu, nikawawekea choroko na mtama, maji kwenye bakuli. Siku ya kwanza nikawaona wanadonoa nikafurahi, kumbe wanaokota punje wanaiangusha, wanaokota wanaiangusha, hakuna hata moja inayoshuka. Sikuwashika. Siku ya pili wamejikunyata kwenye kona moja, manyoya yamefumuka, kinyesi kimekuwa maji ya kijani. Ndo nikamshika mmoja nikapapasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, halina kitu, limekaa kama mfuko uliokunjwa. Nikaloweka choroko usiku huohuo nikawa nafungua mdomo naweka moja moja, wenyewe wanakataa wanatapika, sikujua hata maji hawajanywa siku nzima maana bakuli lilikuwa refu wao wafupi. Yule mdogo alikufa alfajiri ya siku ya tatu mkononi kwangu. Mwenzake nilimshika nikamchovya mdomo kwenye kifuniko cha ndoo, mdomo tu pua zibaki juu, akavuta maji kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, nikajua huyu atapona na alipona. Tangu hapo siangalii siku peke yake, naangalia maji. Kinda asiyejua kunywa mwenyewe hatoki kwangu hata kama ana siku 40.

mtama_mweupe
Pole sana fundi. Na hapo kwenye gole watu wengi hawagusi. Jioni wakishalala pitisha mkono, liwe limejaa kama kifuko cha nafaka, ukimkuta na gole tupu siku umemtenga mrudishe hapohapo usisubiri kesho.

mwana_wa_tandika
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni wa kawaida sio homa. Tarehe sikuandika ila waliangua Jumapili ya arobaini ya bibi, kwaiyo leo Jumatano ni siku 24, Jumamosi watakuwa 27. Mama ametaga tena mayai mawili, juzi na leo. Shida nyingine baba anamdonoa mmoja kichwani akisogea kwenye kiota, ana kidonda kidogo. Ndo maana nikanunua tundu.

homa_za_kasi
Hilo la kidonda ungelisema mwanzo! Muache mama na mayai, makinda wahamishie tundu la pili pamoja na baba, baba ndiye anamalizia kulisha mama akishaanza kulalia.

mama_wawili
Na mayai ya mchana nani analalia? Dume ndiye anakaa tokea asubuhi jua likishapanda mpaka alasiri, jike anapokea jioni mpaka kesho. Ukimtoa dume jike atahangaika njaa atashuka, mayai yatapoa. Wasogezee tu makinda chini sakafuni wapewe kona yao, weka ubao wa kujificha, baba akitaka kulisha atashuka, akiwa na hasira hawafikii.

homa_za_kasi
Wangu nafanya hivyo na mayai yanaangua.

mama_wawili
Yote mawili?

kijana_wa_mwambao
Siku 27 huyo ndo wa supu jamani, nyama laini kabla hajaruka 😋 Afu mnajua njiwa wakihama nyumba kuna jambo? Bibi alikuwa anasema nyumba ya ugomvi njiwa hawakai.

fundi_banda
Wanahama kwa sababu ya paka na njaa mdogo wangu. Mimi walihama wote na nyumbani kulikuwa kimya kabisa, asubuhi nikakuta manyoya chini ya banda.

kijana_wa_mwambao
Kaka usidharau, kwetu walihama wiki moja kabla baba na mjomba hawajagombania kiwanja.

mtama_mweupe
Turudi kwa mwenye shida. Mkuu kabla hujauza wafungue mdomo uangalie kooni, ukiona utando wa njano kama jibini usiuze, ule ugonjwa wanaupata kwa wazazi wakiwalisha. Na mwambie mteja ukweli kuhusu siku zao, kama ni mtu mwelewa atakusubiri wiki moja.

mwana_wa_tandika
Kooni wako safi nimewaangalia na tochi. Nimefanya la mama_wawili, nimewashusha chini na ubao, maji nimeweka kwenye kifuniko. Asubuhi hii mkubwa nimemuona kaweka mdomo kwenye maji, mdogo bado anamkimbilia baba analia. Mteja kapiga simu mara mbili, sijapokea bado.

fundi_banda
Huyo mkubwa alivuta maji au alilowesha mdomo tu?